Kibandiko cha moyo: namna ya kukivaa siku 14 bila kubanduka

Baba yangu ni seremala, Tanga. Mwaka juzi alianza kulalamika kwamba usiku moyo unamruka "kama samaki kwenye ndoo isiyo na maji". Alipimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, mara tatu, na mara zote karatasi ilitoka safi. ECG ya kulala kitandani hurekodi kama sekunde 10 tu, na samaki wa baba alikuwa anaruka usiku wa manane. Daktari akaamua avae kibandiko cha kifuani, kifaa kidogo kinachorekodi umeme wa moyo mfululizo, kwa siku 14. Kwa moyo unaopiga mara 70 kwa dakika, hayo ni mapigo zaidi ya milioni 1.4.

Mimi ni muuguzi na nimeshabandika wagonjwa wengi. Hata hivyo, kibandiko cha kwanza cha baba kilibanduka siku ya nne. Nilipochunguza nikajua sababu: usiku wa kuamkia kubandikwa, mama alimchua kifua kwa mafuta ya nazi ili alale vizuri. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye ngozi.

Umeme wa moyo unaofika juu ya ngozi ni mdogo mno, wa kama milivolti moja. Betri ya rimoti ina volti 1.5, yaani mara 1,500 ya huo. Mafuta, jasho, nywele na ngozi iliyokufa vikikaa katikati, umeme huo mdogo haukifikii kifaa vizuri. Siku moja kabla, mgonjwa asipake chochote kifuani: si mafuta, si losheni, si poda. Aoge kwa sabuni ya kawaida, ajikaushe vizuri.

Mahali pa kubandika kwa vibandiko vingi ni kifua cha kushoto juu, chini kidogo ya mtulinga. Nyoa nywele kwa wembe mpya, hata zile chache unazoona hazina maana. Kisha sugua kwa kile kidude cha kukwaruza kinachokuja ndani ya pakiti. Wengi hukiruka hapa kwa huruma. Baba alielewa kabla sijamaliza kueleza: "Gundi haishiki ubao usiopigwa msasa." Sugua mpaka ngozi ihisi joto kidogo, usichubue. Kwetu weusi usisubiri kuona wekundu, muulize mwenyewe anahisije. Futa kwa spiriti, uache ikauke yenyewe bila kupuliza wala kupepea. Mgonjwa alegeze bega, mkono uning'inie. Bandika ukianzia katikati kwenda pembeni, halafu kandamiza kwa kiganja dakika mbili nzima, ili joto la mkono liilainishe gundi iingie kwenye mikunjo ya ngozi.

Saa 24 za kwanza ndizo za kuchunga zaidi. Asiloweshe kifua, asifanye kazi ya kutoa jasho. Kwa joto la Tanga, cha pili nilimbandika baba jioni, jua limepoa, akalala nacho chali. Baada ya hapo aoge haraka, na hapa ndoo na kopo vinashinda bomba la mvua kwa mbali, maana maji unayapeleka unakotaka. Kuogelea baharini hapana. Baba alimuuliza imamu wake kuhusu josho kabla ya kubandikwa, na nashauri kila Mwislamu aulize mapema hivyo hivyo, asije akajikuta njia panda siku ya tano.

Ukingo ukianza kuinuka, usiuchezee. Ukandamize, na kama maelekezo ya kifaa yanaruhusu, ushikize kwa plasta ya hospitali pembeni tu. Muwasho kidogo ni kawaida. Malengelenge au kidonda, piga simu ulikobandikiwa.

Sasa daftari. Vibandiko vingi vina kitufe cha kubonyeza moyo ukienda mbio au kizunguzungu kikija. Abonyeze, kisha aandike saa, alikuwa anafanya nini, alihisi nini. Aandike na kazi za kawaida: baba akipiga randa, misuli ya kifua nayo hutoa umeme wake, mistari inakwenda ovyo, na msomaji akijua ni randa hatahangaika. Tena aandike saa kwa namna zote mbili. Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kwa jua. Baba aliandika "saa 9, samaki", na bila mimi kuongeza 03:00 pembeni, mtu angeweza kwenda kutafuta samaki huyo saa tatu asubuhi. Alikuwepo palepale, saa tisa usiku: moyo ulidunda bila mpangilio kwa karibu dakika 40. Mdundo wa namna hiyo unaweza kugandisha damu ndani ya moyo, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Leo baba anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Jambo moja nawasihi mlishike. Vibandiko vingi vya aina hii vinarekodi tu, havimwiti mtu. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au tayani, au mtu akizimia, nenda hospitali saa hiyohiyo nacho kifuani.

Watu huniuliza kama saa ya mkononi haitoshi. Nyingi hutumia mwanga wa kijani kuona damu inavyopita, na ngozi nyeusi hunyonya sehemu ya mwanga huo, kwa hiyo ifunge saa vizuri, isilegee. Kibandiko cha kifuani kinasikiliza umeme, rangi ya ngozi haikihusu. Kuna na vihisi vyembamba zaidi, ukoo wa vile ambavyo John Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walivionyesha mwaka 2011, vinavyolala juu ya ngozi kama tatuu ya watoto ya kuloweka. Vya namna hiyo vinaweza kupima jinsi pigo linavyosafiri kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni: ateri ikikakamaa, pigo hukimbia zaidi, na kutoka shingoni hadi kwenye paja likizidi mita 10 kwa sekunde madaktari huanza kuhofia. Kwa presha, bado mwamini mkanda wa kwenye mkono.

Siku ya 14 usikivute kama plasta ya kidonda. Lainisha kingo, kunja pole pole ukikilaza sambamba na ngozi, huku mkono mwingine umeshikilia ngozi. Cha kulainishia ni mafuta. Mama alikuwa ameshakaa tayari na kichupa chake cha mafuta ya nazi.