Jinsi ya kuchunguza udongo na barafu ya Mirihi kwa chombo cha roboti

Mwongozo huu unafuata kazi ya Phoenix, chombo kilichotua karibu na latitudo ya nyuzi 68 kaskazini mwa sayari ya Mirihi tarehe 25 Mei 2008, kwa kuwa ndicho kilichotufunza kwamba barafu ikishachimbuliwa haimsubiri mtu.

Hatua ya kwanza ni kuchimba mtaro na kuupiga picha kabla ya kuchota chochote, kisha kuupiga tena siku zinazofuata. Katika mtaro mmoja wa Phoenix vilionekana vipande vyeupe vyenye ukubwa wa dadu, na baada ya siku nne vilikuwa vimetoweka. Kama vingekuwa chumvi, visingetoweka hivyo. Barafu ndiyo hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza, kwa sababu hewa ya Mirihi ni nyepesi mno.

Hatua ya pili ni kuikwangua barafu kwa tupa ya mota iliyo nyuma ya kijiko. Ipange kazi hii wakati wa baridi kali, na uipeleke sampuli upesi kwenye tanuri, yaani kijitanuri cha chombo kinachoipasha joto, maana vumbi la barafu likipata joto la jua hunata kijikoni. Jambo hilo liliikuta Phoenix mara mbili: kijiko kilipinduliwa, lakini sampuli haikudondoka.

Hatua ya tatu, kulijaza tanuri, ndiyo inayohitaji subira kuliko zote. Tanuri lenyewe ni jembamba kama mrija wa wino wa kalamu, hutumika mara moja tu, na Phoenix ilikuwa nayo manane. Mdomo wake hulindwa na chekeche ya matundu ya milimita moja. Sampuli ya kwanza ilimwagwa yote kwa mkupuo, na kwa kuwa udongo ulikuwa na mabonge, ulikaa juu ya chekeche kwa siku kadhaa huku ikitikiswa tena na tena. Kwa hiyo usimwage: inamisha kijiko kidogo, uwashe tupa ili mtetemo wake uunyunyize udongo taratibu.

Hatua ya nne, pasha joto polepole hadi nyuzi 1,000 za Selsiasi, ukifuatilia nishati inayotumika na gesi zinazotoka. Nishati ikiongezeka ghafla kwenye nyuzi sifuri, barafu inayeyuka. Ndivyo maji yalivyothibitishwa mwishoni mwa Julai 2008.

Hatua ya tano, tia takriban sentimita moja ya ujazo ya udongo katika mililita 25 za maji, upime ioni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme zinazotoka kwenye chumvi zilizoyeyuka. Hapo ndipo Phoenix ilipogundua perkloreti, aina ya chumvi yenye klorini na oksijeni. Majibu haya yasomwe pamoja na yale ya tanuri, kwa sababu perkloreti ikipashwa joto hutoa oksijeni inayounguza kaboni ya kikaboni, yaani ile iliyo katika misombo kama inayojenga viumbe hai. Tanuri lisipoonyesha kaboni hiyo, usiseme kwamba udongo haukuwa nayo.