Somo: Lenzi ya pili kwa mpiga picha wa harusi mwenye mtaji mdogo

Wakuu, somo hili ni la mwenye Canon ya sensa ndogo, yaani kile kibapa cha ndani kinachonasa picha (700D, 250D na ndugu zake), na ile lenzi ya 18-55mm iliyotoka nayo boksini, anapiga sendofu na harusi, sasa ana akiba ya lenzi moja. Moja tu. Za kununua tatu kwa mpigo tuwaachie wenye nazo.

Hatua ya 1: Chunguza picha zako. Chukua kazi zako tatu za mwisho, tazama kwenye kompyuta kila picha ilipigwa kwa milimita ngapi. Kamera huiandika yenyewe ndani ya faili. Nyingi zikiwa 18, unabanwa na nafasi. Zikiwa 55, unatamani kuvuta zaidi. Mimi nilikurupuka nikanunua 55-250 kwa kuvutiwa na urefu wake. Jioni hiyo ukumbini, taa za zambarau, mgongo umegusa ukuta, na bado maharusi na wasimamizi wao hawaenei kwenye fremu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwanga. Ile ya boksini ukiivuta hadi 55, tundu lake la mwanga haliwi kubwa kuliko f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). 50mm f/1.8 je? Gawa 5.6 kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe: karibu 10. Mwanga mara kumi! Palipohitaji ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 6400 yenye chenga tele, kwa spidi ileile unashuka hadi kama 640. Ila fokasi inakuwa nyembamba mno. Ukisogea karibu, jicho moja linakuwa kali, la pili limefifia. Kwa watu wawili mimi nabana tundu hadi f/2.8, kundi f/5.6 na flashi.

Hatua ya 3: Zidisha kwa 1.6. Kwenye sensa hiyo ndogo, 50 inaona kama 80 ya kwenye sensa kubwa: tamu kwa sura, tabu kwenye meza ya keki. Kama Hatua ya 1 ilikuonyesha 18 nyingi, hiyo 50 iache, baki na ya boksini kwa upana na utafute 24mm f/2.8. Ni bapa kama kifuniko, wageni hata hawaistukii.

Hatua ya 4: Ya mtumba, mulika. Washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia mwingine kwa pembeni. Nyuzi kama za buibui ni fangasi, ugonjwa wetu watu wa pwani. Usinunue hata ukipunguziwa nusu. Ya kwako ihifadhi kwenye kopo linalobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

MASWALI

— Mkuu, nina Nikon D3500. Kuna jamaa anauza 50mm ya AF-D, nichukue?
Itaingia, lakini fokasi utazungusha kwa mkono, kwa kuwa bodi yako haina mota. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Na wewe zidisha kwa 1.5.

— Nikihamia 6D, Canon ya sensa kubwa, baadaye?
50 ni EF (lenzi za Canon za sensa zote mbili), unahama nayo. 24 niliyoitaja ni EF-S (za sensa ndogo tu), haifungi kwenye 6D.

— Hiyo 55-250 uliiuza?
Ninayo. Kanisani padri akikataza kusogelea altare, ndiyo inayoniokoa. Na Jumapili naenda nayo kwenye ndondo.