Somo: Kupanda mlima na marafiki kwa siku moja katika hifadhi ya taifa, majira ya joto

Kila majira ya joto yanapokaribia naulizwa maswali yale yale: tuanze saa ngapi, tubebe maji kiasi gani, na je, tunaweza kwenda na rafiki ambaye hajawahi kupanda. Nimeamua kuyajibu mahali pamoja, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamwelekeza hapa. Somo linahusu matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, katika njia zilizowekwa alama, bila kamba wala vifaa vya kukwea miamba.

Hatua ya 1: Chagueni njia. Angalieni mita za kupanda kabla ya kuangalia kilomita, kwa sababu kilomita 6 za tambarare na kilomita 6 zenye mita 900 za kupanda ni safari mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Someni masharti ya hifadhi. Hifadhi nyingi huweka kikomo cha wageni katika majira haya na hutaka nafasi iombwe mapema, na nyingine hazimruhusu mbwa njiani hata akiwa amefungwa kamba.

Hatua ya 3: Pigeni hesabu ya muda. Kanuni inayotumika hadi leo iliwekwa mwaka 1892 na mpanda milima wa Uskoti, William Naismith. Kwa vipimo vya mita, husomwa hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuchukue njia ya kilomita 6 kwenda na 6 kurudi, yenye mita 900 za kupanda. Kwenda ni saa 2 na dakika 42, kurudi ni saa 1 na dakika 12. Hata hivyo kanuni hiyo inamhesabu mtu mwenye mazoezi asiyesimama, ilhali kundi la marafiki husimama kupiga picha, kufunga viatu, kula na kusubiriana. Kwa hiyo mimi huongeza nusu ya muda wote, na safari hiyo inakuwa saa 4 za kupanda na karibu saa 2 za kushuka. Mkiondoka langoni saa 12 asubuhi mtafika kileleni saa 4, na mkikaa juu nusu saa mtakuwa mmerudi langoni saa 6 na nusu mchana.

Hatua ya 4: Kubalianeni saa ya kugeuka. Hatua hii hupuuzwa kuliko zote, na ndiyo iliyowahi kuliweka kundi letu chini ya ngurumo mahali pasipo na mti hata mmoja, kwa hiyo nitairefusha kwa makusudi. Katika majira ya joto jua huupasha mteremko moto tangu asubuhi. Hewa yenye unyevu hupanda ikiufuata mlima, hupoa kadiri inavyopanda, na unyevu wake hugeuka mawingu ambayo kufikia alasiri huwa yamekomaa kuwa mawingu ya radi. Ndiyo maana anga safi ya saa 1 asubuhi haikuahidi chochote kuhusu saa 8 mchana. Saa ya kugeuka ni ile ambayo kundi zima linageuka hapo lilipo, hata kama kilele kinaonekana na zimebaki hatua mia mbili. Katika mfano wetu ningeiweka saa 5 asubuhi, ili kufikia adhuhuri wote wawe wameshaondoka kwenye kilele na kwenye ukingo wa mlima. Saa hiyo ikubaliwe nyumbani, kila mmoja aitamke, na atumiwe pia mtu anayebaki, pamoja na jina la njia na saa ya kumpigia askari wa hifadhi iwapo hamjarudi. Sababu ya kukubaliana mapema ni kwamba huko juu mwenye hamu ya kilele ndiye husema kwa sauti, na aliyechoka huona haya kusema.

Tahadhari: saa ya kugeuka inaweza kurudishwa nyuma mkiwa mlimani, lakini haisogezwi mbele kamwe. Msingoje mvua ndipo mgeuke, kwa kuwa radi inaweza kupiga mahali ambapo mvua haijafika. Tena mtu akisema, "wenye nguvu waende kileleni, wengine watusubiri hapa," mkatalieni bila mjadala. Kundi linalogawanyika ndilo ambalo baadaye hutafutwa kwa tochi.

Hatua ya 5: Fungeni mizigo. Maji takriban nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kukiwa na joto kali, pamoja na chakula chenye chumvi, kwani kunywa maji mengi mno bila chumvi nako hudhuru. Kila mtu abebe koti la mvua, nguo moja ya joto, kofia, krimu ya kukinga jua, tochi ya kichwani na filimbi. Nguo ya joto si anasa: joto la hewa hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kabla hamjahesabu upepo. Miale ya jua inayounguza ngozi nayo huongezeka kwa takriban asilimia 10 katika kimo hicho hicho, kwa hiyo mtu anaweza kuungua huku anatetemeka. Fulana ya pamba ibaki nyumbani, kwa sababu ikilowa jasho haikauki upesi na huuibia mwili joto mara tu mnapokaa kupumzika.

Hatua ya 6: Mwendo uwe wa aliye nyuma. Mtu mzoefu mmoja atangulie, mwingine afunge msafara, na kila njia inapogawanyika wote wasubiriane. Aliyechelewa akifika apumzike naye, badala ya kumpokea kwa kusimama na kuondoka. Mkiondoka mara tu anapofika, mapumziko yote yanakuwa ya wale wasioyahitaji.

Hatua ya 7: Shukeni kwa hatua fupi. Wengi huteguka wakati wa kushuka, miguu ikiwa imechoka na macho yakiwa kwenye simu. Msikate kona kwa kupita katikati ya majani, maana maji ya mvua hufuata njia hiyo ya mkato na kuuchimba mteremko.

Maswali ya wanachama

*Swali:* Mkuu, somo ni refu. Kwa ufupi tu, tuanze saa ngapi?

*Jibu:* Soma hatua ya 3 na ya 4. Hukutaja njia wala urefu wake, hivyo saa yoyote nitakayokutajia itakuwa ya kubahatisha.

*Swali:* Mimi hukimbia kila siku na sijawahi kuchoka. Hiyo nyongeza ya nusu naona ni ya watu wasiofanya mazoezi, si kila mtu alegezwe hivyo.

*Jibu:* Hesabu haikuwekwa kwa ajili ya miguu yako, ndugu. Imewekwa kwa ajili ya rafiki yako aliye dhaifu kuliko wote siku hiyo, na huenda siku hiyo akawa wewe mwenye malengelenge. Ukienda peke yako, tumia hesabu unayoitaka.

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili na nimeelewa kwamba tunapaswa kuwa tumeshuka mapema. Lakini ikitokea radi imetukuta bado tuko juu, tufanye nini? Je, ni kweli kwamba tuzitupe fimbo za chuma?

*Jibu:* Marahaba. Umeuliza jambo ambalo nilipaswa kuliweka katika hatua ya 4. Kwanza, pimeni umbali: mkiona mwanga, hesabuni sekunde hadi mngurumo, kisha gawanyeni kwa 3 mpate kilomita. Sekunde 30 ni kama kilomita 10, na hapo tayari mko hatarini. Ondokeni kileleni na kwenye ukingo, mkishukia upande wenye mteremko ulio rahisi. Msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake wala katika pango fupi la mwamba, kwa sababu umeme hupita juu ya mwamba na unaweza kuruka kutoka dari la pango hadi sakafuni ukimpitia aliyemo. Mwezi Julai 1985, vijana wawili walikufa kwa radi kwenye kilele cha Half Dome, katika hifadhi ya Yosemite huko Marekani, na kundi lao lilikuwa limejibanza kwenye mwamba wa namna hiyo. Achaneni nafasi ya mita nyingi kati ya mtu na mtu, ili radi ikipiga wabaki wa kusaidia wenzao. Mkikosa kabisa mahali pa kushukia, chuchumaeni miguu ikiwa pamoja, wala msilale chini. Fimbo haziivuti radi, ila usiinue kitu kirefu juu ya kichwa chako. Baada ya mngurumo wa mwisho, subirini dakika 30 kamili kabla ya kurudi mahali pa wazi.

*Swali:* Lango la hifadhi yetu liko mita 2,600 na kilele kinazidi mita 3,500. Mwenzetu mmoja huumwa kichwa milimani. Apewe dawa ya maumivu tuendelee?

*Jibu:* Hapana. Kuanzia mita 2,500 hivi, kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida huhesabiwa kuwa ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Asipande zaidi, na hali ikizidi ashuke na mtu mwingine. Akianza kuyumba kama mlevi au kuhema akiwa amekaa, shukeni naye mara moja na mwombe msaada. Mkiweza, fikeni eneo hilo siku moja kabla na mlale hapo.

*Swali:* Njia yetu inavuka kijito kinachotokana na theluji iliyobaki juu. Asubuhi kilikuwa cha kufika kwenye kifundo cha mguu, lakini tuliporudi alasiri kilifika magotini na mvua haikunyesha. Kwa nini?

*Jibu:* Umeona jambo ambalo wengi hulipita. Theluji huyeyuka kwa jua la mchana, na maji yake huchukua saa kadhaa kufika bondeni, hivyo kijito cha namna hiyo huwa kidogo alfajiri na hujaa alasiri na jioni. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza mapema: mnavuka maji machache wakati wa kwenda na mnarudi kabla hayajajaa. Mnapovuka, legezeni mikanda ya begi ili mtu akianguka alivue upesi.

*Swali:* Simu yangu ina tochi, ramani na kila kitu. Filimbi na tochi ya kichwani ni za nini?

*Jibu:* Ni za wakati simu hiyo imezima. Ishara ya kuomba msaada inayotumika katika milima ya Alpi ni milio au mimweko 6 ndani ya dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha kurudia. Anayejibu hutoa 3 kwa dakika. Jaribu kuifanya kwa simu yenye chaji asilimia 2.

*Mchango wa mwanachama:* Naongeza hapo kwenye simu. Pakueni ramani kabla ya kuondoka, kisha wekeni modi ya ndege, kwa sababu simu inayotafuta mtandao usiopatikana humaliza chaji haraka, na kwa simu nyingi ramani huendelea kuonyesha mlipo kwa setilaiti. Pia, kabla ya kuanza kushuka kazeni kamba za viatu kwenye kifundo na mkate kucha siku iliyotangulia, la sivyo vidole vitagonga mbele ya kiatu njia nzima.

*Jibu:* Ahsante sana. Hilo la kamba na kucha nitaliingiza katika hatua ya 7. Nyongeza yangu ni kwamba ukihisi sehemu ya mguu inapata moto, simama hapo hapo uibandike plasta, kwa sababu lengelenge halijatokea bado. Wenzako watakusubiri dakika tatu bila kulalamika.

*Swali:* Na soksi zikilowa?

*Jibu:* Badilisha. Beba jozi ya pili, ya sufu, na zile zilizolowa zifunge nje ya begi zikauke ukitembea.