Kitenzi "get": tazama kinachokifuata

Jioni nawafundisha Kiingereza watoto wa majirani hapa Kondele, Kisumu, na kitenzi kinachowatoa jasho ni "get". Usijaribu kukariri maana zake zote, utachoka bure. Tazama neno linalofuata.

Likifuata jina la kitu, maana ni kupata, kununua au kuleta: "get bread", leta mkate. Likifuata neno la sifa, hali imebadilika: "get wet", kulowa, na mvua zetu za alasiri zinatosha kuwa mfano. Ukikuta "get paid" au "get beaten", sikia ile -w- ya kulipwa na kupigwa.

Penye kazi hasa ni vile vineno vidogo. Tuktuk na teksi unaingia, kwa hiyo "get in", na kushuka ni "get out". Basi la Nakuru au bodaboda unapanda: "get on", kisha "get off". Kuhusu matatu, wanafunzi wangu hubishana hadi giza. Mimi nasema "on", maana ni gari la abiria kama basi. "Get up" ni kuamka, hilo wanalisikia kwa mama zao kila alfajiri.

Asili yake? Neno lilitoka kwa Waskandinavia, "geta", yaani kupata, likaingia Uingereza kupitia walowezi wa Viking. Nduguye wa Kiingereza cha kale amejificha ndani ya "forget": kuachia ulichokuwa umekishika. Wamarekani bado husema "gotten". Kwenye mtihani wetu andika "got".