Namna ya Kuitembelea Bustani Kubwa ya Jiji Pamoja na Watoto na Wazee

Jambo la kwanza linaloishinda familia katika bustani kubwa ya manispaa ni ukubwa wake. Watu hufika wakiwa na nia ya kuliona ziwa, kukipanda kilima, kucheza uwanjani na kuizunguka bustani yote kwa baiskeli, na alasiri ikifika mtoto mdogo amekwisha kubebwa mgongoni, mzee anatafuta pa kukaa, na ile sehemu iliyotamaniwa kuliko zote haijafikiwa. Ushauri wa kwanza, ambao mengi katika mwongozo huu yanautegemea, ni kuchagua sehemu moja tu ya bustani, kuikalia ipasavyo, na kuiacha iliyobaki kwa siku nyingine.

Chukua mfano wa Central Park ya New York, ambayo ramani yake ilibuniwa na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux mwaka 1858. Ina urefu wa kilomita 4 hivi na upana wa mita 800. Mtu mzima anayetembea kwa haraka huumaliza urefu huo kwa muda wa saa moja au pungufu, lakini mtoto wa miaka 4 au 5, ambaye husimama kwa kila mdudu na kila kokoto, atahitaji saa mbili au zaidi, na hapo bado hajarudi. Kurudi ndiko kunakosahauliwa. Mwendo wa kwenda usizidi theluthi moja ya nguvu za yule aliye mdogo au dhaifu kuliko wote, kwa kuwa theluthi ya pili itatumika katika michezo na ya tatu ndiyo ya kurudia langoni. Tena, bustani nyingi za aina hii zilipangwa kwa njia zinazopinda kwa makusudi, ili kila kona ifiche mandhari inayofuata, kwa hiyo umbali unaoonekana mfupi kwenye ramani huwa mrefu zaidi miguuni.

Kwa sababu hiyo, anayepanga matembezi achague lango kabla ya kuchagua shughuli. Tazama ramani ya bustani, ambayo mamlaka ya jiji aghalabu huiweka kwenye tovuti yake au ubaoni penye milango, na utafute pale ambapo uwanja wa michezo ya watoto, vyoo, bomba la maji ya kunywa na miti ya kivuli vimekaribiana. Kisha tafuta lango lililo jirani na hapo, hata kama si lile kuu na hata kama maegesho yake ni madogo. Lango kuu lina sifa ya kuwa zuri kwa picha. Si lazima liwe karibu na choo. Iwapo katika familia kuna anayetumia kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto, uliza mapema kama njia ina lami au changarawe, kama kuna ngazi, na mwinuko ukoje. Mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo husukumika bila taabu kubwa. Ule wa mita 1 kwa mita 12 huhesabiwa kuwa ndio mkali wa mwisho unaofaa kwa njia ya magurudumu, na hata huo humchosha anayesukuma.

Katika kuuliza huko, uliza pia saa ya kufungwa kwa milango, na kama kuna eneo lililofungwa kwa matengenezo au kwa shughuli maalumu. Kuwasha moto, kusimamisha hema, kupiga muziki kwa vipaza sauti, kurusha droni na kukusanya kundi kubwa la watu ni mambo ambayo bustani nyingi huyaruhusu kwa kibali tu, au huyakataza kabisa. Ni afadhali kulijua hilo nyumbani kuliko kuelezwa na mlinzi mbele ya watoto waliokwisha kuandaliwa kwa sherehe.

Kuhusu saa ya kwenda, asubuhi hushinda. Mionzi mikali ya jua huwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na kipimo chepesi kuliko vyote ni kivuli chako mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua lina makali, nawe uwapeleke watoto chini ya miti au uwavalishe kofia pana na nguo nyepesi za mikono mirefu. Losheni ya kukinga jua ipakwe kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa 2, na irudiwe tena baada ya kucheza majini. Wingu lisikudanganye, kwa maana mionzi hupenya sehemu kubwa ya mawingu.

Mahali pa kutandika mkeka panastahili kufikiriwa zaidi ya inavyozoeleka. Kivuli huhama. Jua likielekea magharibi, kivuli huangukia mashariki ya mti, kwa hiyo anayetaka kukaa alasiri nzima atandike upande wa mashariki, hata kama wakati wa kufika bado kuna jua kidogo hapo, ama sivyo ataihamisha mizigo yote katikati ya mlo. Kabla ya kutandika, inua macho ulitazame tawi lililo juu yako: tawi kavu lisilo na majani huweza kuanguka hata siku isiyo na upepo. Tafuta mahali ambapo uwanja wa watoto unaonekana wote pasipo kichaka katikati, palipo mbali na ukingo wa maji na mbali na njia ya baiskeli, na ambapo choo kiko karibu kiasi cha kufikiwa na mtoto asiyeweza kusubiri.

Mkishatua, na kabla mtoto yeyote hajakimbia, fanya mambo machache yasiyochukua hata dakika tano. Piga picha ya watoto wote kwa simu, ili nguo walizovaa siku hiyo zijulikane bila kubahatisha. Mwandikie kila mdogo nambari yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, au umfunge utepe wenye nambari hiyo. Waonyeshe alama moja kubwa isiyohama, kama vile mnara, sanamu au jengo la choo, iwe ndiyo mahali pa kukutania. Wafundishe kwamba mtoto akigundua kuwa hawaoni watu wake asimame palepale, aite kwa sauti, na akihitaji msaada amwendee mfanyakazi aliyevaa sare au mama aliye na watoto wake. Agizo la kumtaka mtoto asizungumze kamwe na mgeni, lililo maarufu sana, humfanya aliyepotea ajifiche hata kwa wale wanaomtafuta.

Angalia pia kama taa za njiani, madaraja au mabango yana nambari. Katika Central Park kila nguzo ya taa ina nambari, ambayo mwanzo wake hutaja mtaa ulio mkabala na tarakimu ya mwisho huonyesha upande, shufwa ikiwa mashariki na witiri ikiwa magharibi. Bustani nyingine zina mpango wao. Kumwambia mtu wa huduma ya dharura kwamba uko karibu na mti mkubwa hakumsaidii chochote. Nambari ya nguzo humleta hadi ulipo.

Uwanja wa michezo ya watoto unaonekana kuwa mahali salama kuliko pote, na kwa kiasi kikubwa ndivyo ulivyo, lakini una mitego yake ambayo wazazi wengi hawaijui. Chuma, plastiki na hata sakafu ya mpira hupata joto la kuunguza ngozi juani, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono kabla ya mtoto kupanda. Kofia ngumu ya baiskeli ivuliwe kabla ya kupanda vyuma, kwa sababu huweza kunasa kwenye uwazi ambao mwili umepita, na mtoto akaning'inia kwa shingo. Kamba za nguo na mitandio zina hatari ileile. Ajabu zaidi ni mtelezo. Mzazi huona kwamba kumpakata mtoto na kuteleza naye ni kumlinda, kumbe mguu wa mtoto ukikwama pembeni, uzito wa mtu mzima huendelea kushuka na mfupa wa muundi huvunjika. Mtoto asiyeweza kuteleza peke yake asimamishwe pembeni mwa mtelezo mfupi na ashikwe kwa mkono, au asubiri akue.

Kama kuna ziwa, bwawa au mto, hapo ndipo pa kuwekea uangalifu wenu wote. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, hutoweka kimyakimya, na katika kundi kubwa la jamaa hali huwa mbaya zaidi kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Ateuliwe mtu mzima mmoja kwa jina, asiyeshika simu wala kuchoma nyama, awaangalie watoto kwa dakika 15 au 20, kisha amkabidhi mwingine kwa maneno yaliyo wazi. Mtoto mdogo awe karibu kiasi cha kufikiwa na mkono. Mkipanda mashua, kila mtu avae jaketi la kuokolea linalolingana na mwili wake na lililofungwa vifungo vyote. Maboya ya kuchezea yanayojazwa upepo si kinga. Maji yenye utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika yasiguswe na mtoto wala mbwa, kwani mwani wa aina hiyo huweza kuwa na sumu. Na ikitokea kwamba mtoto hayuko machoni, watu wa kwanza watumwe kwenye maji, kabla ya kwenda kwenye bembea au kwenye maduka.

Mabata wa ziwani huwavuta watoto, na mkate hutupwa kwa nia njema. Hata hivyo mkate huwashibisha ndege bila kuwalisha, mabaki yake huchafua maji, na wanyama waliozoea kulishwa hupoteza hofu na mwishowe huuma vidole. Mtoto apewe darubini ndogo au kazi ya kuhesabu aina za ndege. Kuhusu mbwa, mtoto aombe ruhusa ya mwenye mbwa kabla ya kumgusa, na akijiwa na mbwa asiyemfahamu asikimbie, bali asimame wima kimya, mikono ikiwa mwilini, bila kumtazama machoni.

Wenye baiskeli wajue mpango wa njia kabla ya kuanza. Kwenye njia ya ukingoni mwa bahari katika Stanley Park, jijini Vancouver, waendesha baiskeli huelekea upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa akrabu za saa, nao wametengwa na waendao kwa miguu. Mahali pasipo na utengano huo, anayejifunza kuendesha apelekwe kwenye uwanda mpana wa nyasi au maegesho yaliyo matupu, maana njia ya pamoja si mahali pa kujifunzia.

Chakula kiwe kile kisichohitaji mapishi wala visu vingi. Chakula kilichopikwa na kinachoharibika kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 muda huo ni saa 1 tu. Chupa za maji zilizogandishwa usiku hufaa kuwili, kwani hupoza chakula kisha hunywewa. Palipo na ruhusa ya kuchoma, makaa yamwagiwe maji, yakorogwe, na yamwagiwe tena mpaka yasitoe joto. Kuyafukia mchangani ni kosa linaloumiza watu wasiohusika, kwa sababu mchanga hutunza joto kwa saa nyingi huku ukionekana umepoa, na mtoto wa familia nyingine atapita hapo peku.

Ngurumo ikisikika, safari imesimama. Radi huweza kupiga kilomita kadhaa mbele ya mvua yenyewe, na mti mrefu uliokuwa rafiki tangu asubuhi sasa ndio mahali pa kukimbiwa. Kibanda kisicho na kuta nacho hakitoshi. Ingieni kwenye jengo kamili au ndani ya gari lililofungwa vioo, na msitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Saa ya kuondoka ihesabiwe kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kufungwa kwa lango: toa muda wa kutembea, toa nusu saa ya kukusanya vitu na kwenda chooni, na hapo ndipo michezo inapomalizika. Watoto waarifiwe mara mbili kabla, kwani anayeng'olewa ghafla kwenye bembea hulia njia nzima. Takataka zikusanywe kwenye mfuko mliokuja nao. Pipa likiwa limejaa, mfuko uende nyumbani, kwa maana taka zilizowekwa kando ya pipa hutawanywa na ndege na mbwa usiku uohuo. Nyumbani, kabla ya kulala, mkague ngozi ya kila mtoto nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Kupe aliyeng'ata ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi na avutwe polepole kwa mkono usioyumba, bila mafuta wala moto, kisha mahali hapo paoshwe kwa sabuni.