Somo: Safari ya meli ndogo kwenye barafu za Svalbard, kwa anayetokea Mwanza

Somo hili ni la yule aliyeshaamua, au amealikwa, kwenda Svalbard kwa meli ndogo ya msafara. Svalbard ni visiwa vya Norway vilivyo karibu na ncha ya kaskazini. Mji wake mkuu, Longyearbyen, uko nyuzi 78 kaskazini mwa ikweta. Meli inalala ndani ya fiodi, mkono wa bahari mrefu uliochimbwa na barafu katikati ya milima, na abiria wanashushwa nchi kavu kwa boti za mpira, kwa kawaida mara mbili kwa siku.

Mtu wa Mwanza anaenda na faida moja: amezoea chombo kinachocheza. Anaenda na hasara moja pia, nayo ni mazoea ya ziwani. Kuruka ufukweni maji yakiwa magotini, kusimama ndani ya boti ili upige picha, kuacha jaketi okozi wazi kwa sababu "si tunafika sasa hivi". Ziwani mara nyingi mtu anapona na makosa hayo, maana maji yetu yana nyuzi 24 hivi mwaka mzima. Ya Svalbard, hata mwezi wa saba, yanacheza kati ya sifuri na tano. Soma hatua zote ukiwa na tofauti hiyo kichwani.

Hatua ya 1: Chagua meli

Tangu 1 Januari 2025 meli yenye abiria zaidi ya 200 hairuhusiwi kuingia maeneo yaliyohifadhiwa ya Svalbard, na ndani ya maeneo hayo abiria wanashuka sehemu 43 tu zilizotajwa. Kwa hiyo meli yoyote utakayouziwa itaitwa ndogo. Lakini ya watu 12, ya 50 na ya 180 hazifanani hata kidogo. Ya 12 inaweza kungoja saa tatu kwa ajili ya dubu mmoja, ila mawimbi yakija inayumba kama kiti cha bembea. Ya 180 imetulia, lakini mnashuka kwa zamu.

Kabla ya kulipa, uliza kampuni maswali matatu. Waongozaji wangapi kwa abiria wangapi? Watu wote wanaweza kushuka kwa wakati mmoja? Gambuti na jaketi la nje vinatolewa na meli au unakuja navyo? Kama tumbo lako ni jepesi, omba chumba cha katikati ya meli, ghorofa ya chini. Hapo ndipo meli inacheza kidogo kuliko kwingine, na mara nyingi ndicho chumba cha bei nafuu.

Njia iliyochorwa kwenye kipeperushi ichukulie kuwa nia tu. Kiongozi wa msafara anaibadilisha kila asubuhi kwa kuangalia barafu, upepo na ukungu. Aliyelipa ili afike fiodi fulani kwa jina atarudi na kinyongo. Aliyelipa ili aone barafu na wanyama, mara chache anakosa.

Hatua ya 2: Viza ya kuingia mara mbili

Hapa ndipo safari nyingi zinaharibikia kabla hazijaanza. Svalbard yenyewe haidai viza, lakini ndege ya Longyearbyen unaipandia Oslo au Tromsø, na huko ni eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukiruka kwenda Svalbard umehesabiwa kuwa umetoka Schengen. Ukirudi unaingia mara ya pili. Mwenye viza ya kuingia mara moja anakwama akiwa na tiketi ya kurudi mkononi. Kwenye fomu chagua mara mbili au zaidi, na kwenye barua ya maelezo andika wazi kwamba unapita Norway kwenda Svalbard na kurudi.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Bima ya afya ya viza ni angalau yuro 30,000, lakini kwa safari ya meli kiasi hicho hakitoshi. Bima ioneshe kwa maandishi kwamba inagharamia kukutoa kwa helikopta na kukuhamisha, kwani hospitali ya Longyearbyen ni ndogo na mgonjwa mzito anapelekwa Tromsø.

Fika Longyearbyen siku moja kabla ya meli kung'oa nanga. Kutoka Mwanza unabadilisha ndege mara tatu au zaidi, na begi linapenda kubaki njiani. Nguo za ndani za sufu, soksi, glavu, dawa na miwani ya jua viwe kwenye begi la mkononi. Meli haingoji begi.

Hatua ya 3: Nguo, na jinsi ya kuipata sufu Mlango Mmoja

Joto la mwezi wa saba kule ni kati ya nyuzi 3 na 7, na hewa hiyo inavumilika. Kinachomtesa mtu ni kukaa saa mbili bila kujisogeza kwenye boti inayokwenda kasi, huku matone ya chumvi yakimrukia. Kwa hiyo vaa tabaka tatu: sufu mwilini, flisi (sweta jepesi la manyoya ya poliesta) juu yake, na koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Koti moja nene kama godoro halifanyi kazi hiyo, kwa sababu ukipanda kilima unatoka jasho, jasho linapoa, na unaanza kutetemeka ndani ya koti la gharama.

Pamba usiivae ndani kabisa. Fulana ya pamba ikishika jasho haikauki, na jinzi ikilowa ndiyo mbaya kuliko zote.

Habari njema ni kwamba sufu nzuri inapatikana kwenye mitumba pale Mlango Mmoja, kwa kuwa wateja wa Mwanza hawaigombanii. Tatizo ni lebo: nyingi zimekatwa. Jaribu hivi. Mwombe muuzaji uzi mmoja uliochomoka pindoni, kaa nje ya banda, uwashe kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kubaki unga mweusi unaovunjika kwa vidole, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu kama plastiki, ni nailoni au poliesta. Hiyo inafaa kwa tabaka la pili. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini la kijivu, ni pamba. Rudisha.

Glavu ziwe pea mbili: nyembamba za ndani, na juu yake zile za vidole vyote pamoja. Soksi mbili zinafaa tu kama gambuti ina nafasi. Ikibana, damu haitembei, na mguu unapoa haraka kuliko ukiwa na soksi moja.

Suruali ya nje ipite juu ya gambuti, usiichomeke ndani. Ukiichomeka, kila wimbi linalopiga goti linateremka moja kwa moja hadi kwenye soksi.

Hatua ya 4: Boti ya mpira

Boti hizi zinabeba watu 8 hadi 10, wakikaa juu ya ubavu, lile bomba nene lililojazwa hewa. Ajali nyingi hutokea katika sekunde kumi za kupanda au kushuka, kwa hiyo tutakaa hapa.

Jaketi okozi la kule si lile la sponji la rangi ya chungwa. Ni jembamba, lina mtungi wa gesi, na linajijaza lenyewe likitumbukia majini. Kuna makosa mawili. La kwanza ni kulivaa ndani ya koti: likijaa, linabana kifua hadi pumzi inakata. Livae juu ya kila kitu. La pili ni kuacha mkanda wa katikati ya miguu bila kufungwa: likijaa linapanda juu, wewe unabaki chini yake.

Unapotoka melini, begi mpe baharia kwanza. Mikono yote miwili iwe mitupu. Kisha toa mkono kwa mshiko wa baharia: kiganja chako kikamate mkono wake juu ya kifundo, na chake kikamate wako vivyo hivyo. Mkishikana viganja kama mnasalimiana, glavu iliyolowa inachomoka na kila mmoja anabaki na yake. Subiri boti ipande na wimbi. Ikifika juu inatulia kidogo, na baharia atakwambia "sasa". Kanyaga ubavu, kanyaga sakafu, kaa. Usikanyage boti ikiwa inashuka. Mguu utafuata hewa.

Ukishakaa, sogea kwa kuteleza kwa makalio mpaka nafasi yako, mkono mmoja ukishika kamba. Hakuna kusimama bila ruhusa ya mwendesha boti, na akiruhusu, anasimama mmoja kwa zamu.

Ufukweni boti inaegesha pua. Teleza hadi mbele, geuza miguu ukiipitisha upande wa nyuma wa boti, itoe nje, ndipo usimame majini. Ukiruka mbele ya pua kama unavyoruka mtumbwi, wimbi linalofuata linausukuma uzito wote wa boti kwenye visigino vyako.

Hatua ya 5: Barafu na wanyama

Barafuto ni mto wa barafu unaoteremka polepole kutoka mlimani. Zile zinazofika baharini, kama Monacobreen ndani ya Liefdefjorden, zinasimama kama ukuta na kumeguka bila taarifa. Boti zinakaa angalau mita 200 kutoka ukutani. Mlio unakufikia baada ya kipande kuanguka, na wimbi linakuja nyuma yake. Mwendesha boti ataielekeza pua kwenye wimbi, nanyi mkae chini mshike kamba. Vipande vinavyoelea navyo havina urafiki. Karibu sehemu tisa kati ya kumi ziko chini ya maji, na barafu ikiyeyuka kwa chini inapinduka ghafla.

Injini ikizimwa, sikiliza. Barafu ndogo ndogo zinalia kama mafuta yanayokaanga dagaa. Ni hewa iliyofungiwa ndani kwa miaka mingi inayopasuka na kutoka. Tafadhali usiipoteze dakika hiyo kwa kuongea.

Kwa dubu mweupe, sheria ni mita 300, na kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni ni mita 500. Waongozaji wanatangulia nchi kavu, wanakagua kwa darubini, na wanabeba bunduki na bastola ya fataki za kumtishia. Tembea kati ya walinzi, usibaki nyuma kufunga kamba za kiatu bila kusema. Dubu akionekana, kundi linarudi botini kwa mwendo wa kawaida likiwa limeshikamana.

Buabua wa aktiki, ndege mdogo mweupe mwenye kofia nyeusi, ndiye atakayekupiga kweli. Ukikaribia kiota anashambulia kitu kilicho juu zaidi, kwa hiyo inua mkono au fimbo juu ya kichwa na urudi ulikotoka.

Maswali ya wasomaji, kila moja na mahali linapotoka

Swali, Kirumba: Mwalimu, sijui kuogelea. Watanikataa?
Hawakukatai. Kwenye maji yale kuogelea hakukusaidii sana. Dakika ya kwanza mwili unashtuka na pumzi inakimbia, kazi yako ni kutomeza maji. Dakika kumi hivi zinazofuata vidole na mikono bado vinakutii. Baada ya hapo misuli inagoma, ingawa mtu hupoteza fahamu kwa baridi baada ya kama saa moja. Jaketi lililofungwa sawasawa ndilo linalokushikilia muda huo wote.

Swali, Nansio: Mimi natapika hata kwenye feri ya Ukerewe. Niache?
Usiache, dada. Ndani ya fiodi maji kwa kawaida hutulia. Shida ni meli ikipita bahari ya wazi. Dawa inywe kabla, maana ukishaanza kutapika tumbo haliipokei tena. Promethazini ya famasi zetu inasaidia lakini inalaza sana, hivyo ijaribu siku moja ukiwa nyumbani, usichanganye na pombe, na mwambie mfamasia dawa nyingine unazotumia. Ukiwa melini toka nje, tazama mstari wa upeo, usisome simu.

Swali, Igoma: Gambuti zangu za shambani zinafaa?
Zinafaa kama zinafika karibu na goti, zina soli yenye meno, na zinazidi saizi yako kwa namba moja. Lakini zisugue kwa brashi mpaka mistari ya soli iwe safi. Mbegu moja ya majani ya Igoma haitakiwi kuota kule, na kabla ya kushuka watakagua soli, mifuko na hata zile nailoni za kubandika na kubandua (velkro) kwenye koti. Kila ukirudi melini unaziosha tena.

Swali, Mkuyuni: Jua halizami. Tunaswali vipi, na chakula?
Longyearbyen jua halizami tangu tarehe 20 hivi ya mwezi wa nne hadi karibu na 23 ya mwezi wa nane. Wapo wanaofuata saa za Makka, wapo wanaofuata mji wa karibu wenye usiku na mchana. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka, uchapishe ratiba kwenye karatasi. Chakula halali kiandike kwenye fomu ya kuhifadhi nafasi, wiki kadhaa kabla. Meli ikishaondoka hakuna duka.

Swali, Sengerema: Betri ya kamera inakufa kwa baridi, nifanyeje?
Haijafa, imepoa. Beba mbili za akiba kwenye mfuko wa ndani karibu na mwili, uzibadilishane. Ukirudi ndani, weka kamera kwenye mfuko wa plastiki na uufunge ukiwa bado nje kwenye baridi, halafu ngoja saa moja hivi kabla ya kuufungua. Unyevu utatanda juu ya plastiki badala ya ndani ya lenzi. Droni iache nyumbani. Maeneo yaliyohifadhiwa yameipiga marufuku.

Swali, Musoma: Mama yangu ana miaka 67 na goti bovu. Ataweza?
Mwambie aseme ukweli kwenye fomu ya afya, asione haya. Siku nyingi kuna makundi mawili, la kupanda kilima na la kutembea ufukweni, na safari nyingine ni za kuzunguka kwa boti bila kushuka kabisa. Kipimo chake ni ngazi ya nje ya meli. Ajaribu kushuka ngazi kumi kwa mkono mmoja kwenye reli, akiwa amevaa gambuti na koti zito. Akishuka bila kusimama kupumzika, mpeleke.