Kokwa za Mwarobaini: Namna ya Kutoa Dawa ya Kunyunyizia Mboga

Malindi na viunga vyake, mwarobaini huota hata pasipopandwa, kando ya barabara, nyuma ya nyumba na mipakani mwa mashamba, na wengi wetu tunaujua kwa majani yake tu, yale yachemshwayo mpaka maji yakawa machungu. Kwa mkulima ambaye mchicha au mabamia yake yanaliwa na viwavi, nguvu kubwa ya mti huu haimo katika jani bali katika kiini cha kokwa, na njia ya kuitoa ni kinu, maji baridi na subira ya usiku mmoja. Anayeweka sufuria jikoni kwa kazi hii anaharibu kile anachokitafuta.

Kiambata chenyewe huitwa azadiraktini. Kilitengwa mwaka 1968 nchini Uingereza na wanakemia Butterworth na Morgan, waliokuwa wakitafuta kitu kinachomfanya nzige wa jangwani akatae kula. Miaka kadhaa kabla yake, mwaka 1959, Mjerumani Schmutterer, mtaalamu wa wadudu, alikuwa ameona huko Sudan kundi la nzige likiteketeza mimea na kuiacha miarobaini na majani yake. Kiambata hiki humwondolea mdudu hamu ya kula, kisha huvuruga mwili wake asiweze kujivua ngozi anapokua. Hakivumilii joto kali, jua, wala maji yenye magadi, na karibu kila agizo lililomo humu limetokana na udhaifu huo.

Okota matunda yaliyoiva na kugeuka manjano, yakiwa mtini au yameanguka karibuni, kwa kuwa tunda lililolala ardhini siku nyingi huwa limekwisha kuingia ukungu. Yamenye siku hiyo hiyo: yaloweke ndooni, yasugue baina ya viganja pamoja na mchanga kidogo hadi nyama iachane na kokwa, kisha suuza mpaka kokwa zibaki nyeupe na zisiteleze mkononi. Zitandaze juu ya jamvi, tabaka moja tu, uvulini panapopita upepo, na uzigeuze asubuhi na jioni. Hapa pwani hewa ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, kwa hiyo usihesabu siku bali sikiliza: kokwa iliyokauka sawasawa ukiitikisa sikioni, kiini hugonga ndani ya ganda. Ivunje mojawapo uitazame. Kiini kizuri huwa na rangi ya kijani au ya manjano iliyofifia. Kilicho cheusi au chenye utando wa ukungu kitupwe bila huruma, kwani ukungu huo unaweza kuzaa sumukuvu. Kokwa zilizokauka huhifadhiwa katika kikapu au gunia linalopitisha hewa, kamwe si katika mfuko wa plastiki.

Tafuta kinu kisichotumika kwa chakula, maana uchungu wa mwarobaini hauondoki upesi. Twanga kwanza kwa mapigo mepesi ili kuvunja maganda, pepeta kwa ungo, kisha twanga viini peke yake hadi viwe unga wa chengachenga. Ukiona unga unaanza kung'aa na kushikana kwa mafuta, umezidisha, acha hapo. Pima gramu 50 za unga kwa kila lita 1 ya maji, yaani nusu kilo kwa ndoo ya lita 10. Maji ya mvua ndiyo bora kuliko ya kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe, ambayo kwa kawaida ni magumu na huelekea upande wa magadi. Koroga, funika, uache usiku kucha. Kesho yake chuja kwa kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara mbili, ukikikamua kama unavyokamua tui, upate maji meupe mfano wa maziwa. Makapi yanafaa kuchanganywa na udongo wa shambani.

Dawa hii itumike siku ilipochujwa, jioni jua likiwa limepungua makali, wakati nyuki nao wamerudi mizingani. Tia sabuni kidogo ya maji dakika ile unapotaka kunyunyiza, ili dawa ishike, na uelekeze pampu upande wa chini wa majani, wanakojificha vidukari na inzi weupe. Asubuhi utawakuta viwavi wangali hai, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kukimbilia dukani. Wachunguze baada ya siku chache uone kama wanakula. Rudia baada ya juma moja, au mapema zaidi mvua ikinyesha.

Anayetaka mafuta yenyewe aendelee kutwanga hadi unga uwe donge, aukande kwa maji kidogo kidogo mpaka mafuta yajitokeze, kisha aukamue kwa nguvu. Kilo moja ya viini, kwa mkono, hutoa takriban mililita 100 hadi 150, ingawa mafuta yaliyomo ni mengi zaidi. Mashine ya kukamulia bila joto huyafikia vizuri zaidi.

Mafuta hayo hayanywewi. Yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa kama dawa, na mjamzito naye ajiepushe nayo. Chupa iandikwe jina waziwazi na iwekwe mbali na mafuta ya kupikia, na mboga zilizonyunyiziwa zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.